Ukali wa nyuki ni wa kurithi au wa mazingira? Mageuzi yanaingiaje kwenye tabia ya mnyama?

Zuki_255

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi haujaisha kwenye kikundi chetu cha wafugaji nyuki, naomba wenye elimu ya viumbe mtusaidie.

Chukueni manzuki moja yenye mizinga ishirini. Eneo ni lile lile, maua ni yale yale. Mizinga mingi ukiifungua kwa moshi kidogo nyuki wanatulia. Mitatu au minne ukigusa tu mfuniko wanakusindikiza mpaka barabarani. Upande mmoja unasema hiyo ni damu, ukali unarithiwa kama rangi ya ng'ombe. Upande wa pili unasema jeni hujenga mwili tu, yaani mwiba, sumu na mabawa. Tabia inaletwa na njaa, joto, siafu na mkono wa mfugaji.

Naomba majibu ya mambo matatu. Kuna ushahidi wowote kwamba tabia, siyo umbo, inarithiwa? Kama ipo, mageuzi yanaichaguaje? Na mfugaji wa kawaida mwenye mizinga ya top bar (ile ambayo nyuki hujenga masega kwenye pau za juu) anaweza kuitumia elimu hiyo, au ni mambo ya maabara?

DaktariWadudu

Mkuu Zuki, anzia kwenye jambo ambalo halihitaji maabara: kubadilisha malkia.

Ukimwondoa malkia wa kundi kali ukaweka wa ukoo mpole, mzinga unabaki ule ule, mahali ni pale pale, hata masega hayajaguswa. Sasa fuata hesabu. Yai la kibarua, yaani nyuki jike mfanyakazi, huchukua siku 21 mpaka nyuki atoke kwenye seli, na kibarua katika msimu wa kazi huishi kama wiki sita. Binti wa mwisho wa malkia wa zamani anatoka siku ya 21, na ikifika wiki ya tisa karibu kundi zima ni mabinti wa malkia mpya. Ukali hushuka kwa mwendo huo huo, kadiri mabinti wapya wanavyojaa. Kama chanzo kingekuwa mahali au chakula, usingefuata kalenda ya uzazi. Na kama ingekuwa ni harufu tu ya malkia mpya inayowatuliza, ingeonekana ndani ya siku chache, isingesubiri wiki kadhaa.

Jaribio la pili ni la kuchanganya. Unachukua nyuki waliotoka kwenye seli siku hiyo hiyo, wa koo mbili, unawatia alama za rangi mgongoni na kuwaweka kwenye mzinga mmoja. Wamelelewa pamoja, wanakula pamoja, lakini wa ukoo mkali bado wanajitokeza zaidi kulinda mlango na kuchoma. Hapa upande wa pili wa kikundi chenu nao unapata haki yake: wale wapole, wakiishi na wakali, huchoma kuliko wanavyochoma wakiwa peke yao, kwa sababu harufu ya hatari inayotolewa na mwenzao inawaamsha. Harufu hiyo ina isopentili asetati, ndiyo maana mtu aliyechomwa huhisi kama kuna ndizi mbivu karibu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote hauhusu ukali, unahusu usafi. Kuna ugonjwa wa bakteria unaoua majana, yaani watoto wa nyuki, ndani ya seli zilizozibwa. Koo nyingine za nyuki hufungua kizibo cha nta, hutoa jana aliyekufa na kumtupa nje kabla ugonjwa haujasambaa. Nyingine humwacha aoze humo. Walter Rothenbuhler wa Marekani alichapisha mwaka 1964 matokeo ya kuzalisha ukoo msafi, ulioitwa Brown, na ukoo mchafu, ulioitwa Van Scoy. Machotara wa kwanza wote walikuwa wachafu. Maana yake usafi ulikuwepo ndani yao lakini umefunikwa.

Akarudi nyuma. Alichukua madume ya malkia chotara na kuwapandishia malkia wa ukoo msafi, kwa uhamilishaji wa mikono, dume mmoja kwa malkia mmoja. Hapo ndipo penye ufundi. Malkia wa kawaida hupandwa angani na madume kumi hadi ishirini, kwa hiyo mzinga mmoja huwa na mabinti wa baba wengi na huwezi kujua nani anafanya nini. Dume la nyuki hutokana na yai lisilorutubishwa, hana baba, na mbegu zake zote zinafanana. Ukitumia dume mmoja na malkia wa ukoo uliozalishwa ndani kwa ndani, kundi zima linakuwa kama nakala ya mchanganyiko mmoja wa jeni.

Yalikuwa makundi 29. Sita yalifungua seli na kutoa majana. Tisa yalifungua seli, kisha yakamwacha maiti pale pale. Kumi na manne hayakugusa kitu. Rothenbuhler akachukua haya kumi na manne, akafungua vizibo kwa mkono wake, na sita kati yake yakaanza kutoa majana! Yalikuwa na nusu ya pili ya kazi bila nusu ya kwanza. Manane ya mwisho hayakuwa na lolote. Sita, tisa, sita, nane: karibu robo kwa robo, kama jeni mbili zinazorithiwa kila moja kivyake zingetoa. Kazi ambayo mtu angedhani ni tendo moja ilikuwa vipande viwili vinavyoweza kutenganishwa kwa kuzalisha.

Tahadhari moja. Msije mkaondoka na "jeni ya kufungua" na "jeni ya kutoa". Uchunguzi wa DNA wa mwaka 2002 ulionyesha maeneo kama saba kwenye kromosomu, kila moja likichangia kiasi. Na jeni haijui kizibo ni nini. Nyuki wa koo safi wana pua kali zaidi: wanahisi harufu ya jana mgonjwa ikiwa bado hafifu mno kwa wengine. Jeni inagusa hisia, na hisia ndiyo inazaa tendo.

Mbishi_wa_Pwani

Daktari, nimekusoma, lakini hayo ni binadamu kuchagua malkia. Swali lilikuwa mageuzi, yaani mambo yanayotokea porini bila mtu kushika kalamu. Halafu nyuki ni mdudu, ubongo wake ni mdogo, lazima azaliwe na kila kitu. Ndege na mnyama anayenyonyesha hujifunza kwa mama yake. Nipe mfano ambao mama hayupo.

Kerengende

Mbishi, mfano wa mama asiyekuwepo tunao hapa hapa kwetu. Ni mlembe, wengine wanamwita kiongoza-asali.

Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine, mara nyingi vya mashimoni kama vya keremu, ndege wanaokula nyuki. Kifaranga wake anatoka kwenye yai akiwa kipofu, bila manyoya, na ana kulabu mbili kali kwenye ncha ya mdomo. Ndani ya giza la shimo anawauma vifaranga wa mwenye nyumba mpaka wafe, ili chakula chote kiwe chake. Hakuna aliyemfundisha, wazazi wake hawajawahi kurudi. Kulabu hizo hudondoka baadaye kwa kuwa kazi yake imekwisha. Kulabu bila tabia ya kuuma hazina faida, na tabia bila kulabu haiui. Viwili hivyo vimechaguliwa pamoja.

Akikua, mlembe huyo huyo huja kwa binadamu, analia kwa sauti ya pekee, anaruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Anataka nta na majana, lakini kupasua gogo hawezi. Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, watafiti Isack na Reyer walipima na kuchapisha mwaka 1989: kutafuta nyuki bila ndege huchukua wastani wa saa 8.9, ukiongozwa naye ni saa 3.2. Keremu waliomlea hawaongozi mtu popote, kwa hiyo mwelekeo wa kuongoza hakuupata kwao.

Lakini usishangilie mapema, upande wa "kujifunza" nao una fungu lake kwa ndege huyu. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio unaosikika kama "brrr-hm". Jaribio la mwaka 2016 lilionyesha kwamba mlio huo, ukilinganishwa na sauti nyingine, hupandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Tanzania humwita kwa mbinja. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulipeleka mlio wa Wayao kwa walembe wa Uhadzabe, na mbinja za Wahadzabe kwa walembe wa Niassa. Kila kundi la ndege lilijibu mwito wa watu wake zaidi kuliko wa wageni: Uhadzabe zaidi ya mara tatu, Niassa karibu mara mbili. Kuongoza kunaelekea kuwa kwa kuzaliwa. Lugha ya kuitikia ni ya kujifunza.

Ukitaka anayenyonyesha, kuna panya wawili wa Marekani wa jenasi Peromyscus. Mmoja huchimba shimo fupi tu. Mwenzake huchimba njia ndefu, kisha anaongeza njia ya dharura inayopanda karibu na uso wa ardhi, ya kukimbilia nyoka akiingia. Waliozaliwa maabara, ambao hawajawahi kuona udongo, ukiwaweka kwenye sanduku la mchanga kila mmoja anachimba kwa mtindo wa kabila lake. Maabara ya mtafiti Hopi Hoekstra iliwazalisha machotara na kutoa matokeo mwaka 2013: urefu wa njia ya kuingilia uliendana na sehemu tatu za kromosomu, na kuwepo kwa njia ya dharura na sehemu moja.

Sasa porini bila mtu kushika kalamu. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia wa nyuki wa Kiafrika, Apis mellifera scutellata, kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Alitaka asali zaidi katika nchi ya joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro. Wazao wao walichanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwepo, wakasambaa mpaka Marekani, na ukali ukaenda nao kila nchi walikofika, kwenye maua na hali ya hewa tofauti kabisa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huku kwetu nyuki ameishi na nyegere, siafu na binadamu anayerina kwa moto kwa muda mrefu mno. Kundi lililochelewa kujitetea halikuacha wazao wengi. Wa Ulaya aliuawa zaidi na baridi, na walioshikwa kwenye mizinga walichaguliwa upole kwa karne nyingi.

Cha kufurahisha ni Puerto Rico. Nyuki hao walifika kisiwani mwaka 1994. Ndani ya miongo miwili walikuwa wamepoa karibu kama wa Ulaya, ingawa sehemu kubwa ya jeni zao bado ni za Kiafrika. Vipimo vya DNA vilionyesha dalili za uteuzi kwenye maeneo kadhaa. Kisiwa kimejaa watu, makundi makali ndiyo yanayolalamikiwa na kuangamizwa, na bahari inazuia makali mapya kuingia kila mwaka. Hakuna aliyekaa kupanga nani ampande nani.

Fundi_Mizinga

Wamemaliza nadharia, mimi nijibu swali la tatu la Zuki. Inawezekana kwa top bar, lakini wengi wanaharibu kwenye kupima, siyo kwenye kuzalisha.

Kwanza mtie malkia alama. Doa la rangi mgongoni, rangi isiyo na sumu, liache likauke kabla hujamrudisha. Nyuki wetu wanahama sana. Mzinga unaweza kuhamwa mwezi wa saba, kundi jingine likaingia mwezi wa tisa, na mfugaji akaendelea kuandika "mzinga namba 7 siku hizi umepoa". Namba ni ile, damu ni nyingine. Bila alama, kumbukumbu zako zote hazina maana.

Kupima ukali: kipande cha ngozi laini nyeusi, sentimita 5 kwa 5, kwenye kamba mwisho wa fimbo ya mita moja. Kitikise mbele ya mlango wa mzinga sekunde 60, kitie kwenye mfuko wa plastiki, funga, uhesabu miiba baadaye ukiwa mbali. Ngozi moja ni ya mzinga mmoja tu. Ukiirudia ina harufu ya miiba ya kwanza, na mzinga wa pili utaonekana mkali bila kosa lake. Kwa sababu hiyo hiyo usipime mizinga miwili iliyobanana mmoja baada ya mwingine. Ruka, pima wa upande wa pili wa manzuki, na kila mara badilisha unayeanza naye. Vaa kamili, fanya jioni, hakikisha watu na mifugo wako mita 200 au zaidi.

Linganisha makundi ya ukubwa unaokaribiana. Kundi la pau 20 zenye nyuki lina walinzi wengi kuliko la pau 8, litakuwa na miiba mingi hata kama kila nyuki ni mpole. Rudia mara tatu, walau mara moja wakati wa maua na mara moja wakati wa ukame.

Ukishapata theluthi ya makundi yaliyo bora, zalisha kutoka hapo. Kwa top bar njia rahisi ni kugawa: hamisha pau zenye mayai mabichi, majana waliozibwa, asali na nyuki wa kutosha kwenye mzinga mtupu, bila malkia. Watajitengenezea malkia kutoka kwa majana wachanga wa siku ya kwanza. Hesabu kama wiki nne hivi kabla hujaona mayai. Usifunguefungue katikati, malkia bikira akirudi kutoka kupandwa akakuta vurugu anapotea.

Matatizo ni haya. Malkia wako mpya atapandwa na madume wa eneo zima, hata wa kilomita kadhaa, kwa hiyo ukichagua upande wa mama tu umeshika nusu ya kamba. Kata masega ya madume kwenye makundi makali, acha mengi kwenye makundi mapole, na shawishi majirani wafanye hivyo hivyo. Tatizo la pili ni tamaa: mtu anapata malkia mmoja mpole sana, anajaza manzuki nzima kwa mabinti zake. Malkia akipandwa na madume wa ukoo wake, sehemu ya mayai yaliyorutubishwa hugeuka madume wasiofaa, vibarua huwala wakiwa wadogo, na sega la majana linabaki na matundu. Ndugu wakipandana, hasara inaweza kufika nusu ya majana. Weka koo nyingi. Na tafadhali asije mtu akaagiza malkia wa Ulaya. Utaleta magonjwa na kundi lisilojua kukabili siafu.

Zuki_255

Nashukuruni sana. Mawili tu yamebaki. Daktari, basi ukali ni asilimia ngapi jeni na asilimia ngapi mazingira? Na Fundi, kipimo cha usafi kinafanyikaje kijijini pasipo na jokofu? Tuna wasiwasi na utitiri wa varoa unaoshambulia nyuki na majana.

DaktariWadudu

Asilimia hiyo haipo hewani, inategemea ulipopima. Mwanasaikolojia Robert Tryon kule Berkeley, Marekani, alichagua panya kwa vizazi kadhaa kwa makosa wanayofanya kwenye njia za kupoteza, akapata ukoo wa "werevu" na wa "wajinga". Mwaka 1958 Cooper na Zubek wakachukua koo nyingine mbili za namna hiyo, zilizochaguliwa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, wakazilea katika mazingira matatu. Malezi ya kawaida ya maabara: werevu makosa 117, wajinga 164. Kizimba kitupu kisicho na chochote: wote karibu 170. Kizimba chenye vitu vingi vya kuchezea: 111 na 120. Jeni ni zile zile, lakini pengo linaonekana kwenye mazingira ya kati tu, kwingine linakaribia kufutika. Kwa nyuki, makundi yote yakiwa na njaa na siafu mlangoni, utaona ukali kila mzinga na utasema damu haina kazi. Ndiyo sababu ya Fundi kusisitiza misimu miwili.

Fundi_Mizinga

Kama kuna duka lenye friza, kata kipande cha majana waliozibwa sentimita 5 kwa 6, kiache kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, kirudishe pale pale kilipokatwa. Nyuki wetu wana seli ndogo, utapata karibu seli 150 upande mmoja. Hesabu kabla, usikisie. Baada ya saa 48 hesabu zilizosafishwa. Asilimia 95 au zaidi, mara mbili tofauti, kundi hilo ni safi. Sega la top bar halina waya, likatwe asubuhi na mapema kabla nta haijalainika, na ulishike wima muda wote. Ukililaza linakatika kwenye pau.

Pasipo friza tumia sindano nyembamba ya kubandikia wadudu. Chagua seli 50 zenye majana ambao macho yao ni meupe au yameanza kuwa ya waridi, toboa kizibo mpaka chini mara moja, weka alama kwenye eneo hilo, rudi baada ya saa 24. Kasoro yake ni kwamba maji ya jana yanayovuja hunukia sana, hata makundi ya kawaida huitikia, kwa hiyo alama zote huwa juu kidogo. Itumie kulinganisha makundi yako yenyewe kwa yenyewe, siku moja, sindano ya unene uleule. Kuhusu varoa, iliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na usafi ni mojawapo ya tabia zinazosaidia makundi kuishi nayo. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya kundi pole lenye usafi wa asilimia 60 na kundi la ukali wa wastani lenye usafi wa asilimia 97, chukua la pili. Kwenye majaribio ya Rothenbuhler ukoo msafi ulikuwa pia mkali, lakini kwenye machotara ukali na usafi viliachana, kwa hiyo upole unaweza kuutafuta kwenye kizazi kinachofuata.